Majina Hamsini na Mlango wa Jikoni

Machi 4

Nimestaafu ualimu miezi mitatu sasa, na tangu siku hiyo sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni. Leo nimefungua daftari hili kwa sababu ya barua. Mume wangu, Baba Pacha, amerudi nayo kutoka kituo cha maji, akaiweka chini ya kopo la sukari kana kwamba ni karatasi ya kufungia vitumbua. Nikaichomoa, nikaisoma kwa sauti.

Inasema kila anayehudumia pampu lazima afanye mtihani wa mdomo tarehe 18 Mei. Ataonyeshwa picha hamsini za vifaa na sehemu za mashine, azitaje kwa majina, kisha aeleze kazi ya vitu vitano atakavyochaguliwa. Asiyefikisha majina thelathini, au atakayeshindwa kueleza, atahamishiwa kulinda lango la kituo.

Baba Pacha amehudumia pampu zile miaka thelathini na mmoja. "Langoni kuna kivuli," akasema. Ila chai hakuimaliza, na mtu huyu hajawahi kuacha chai.

Mvua imeanza. Mlango wa jikoni wa kutokea uani nao umeanza vituko vyake vya kila mwaka, haufungi mpaka uupige bega.

Machi 6

Somo la kwanza. Miaka thelathini na minane nimefundisha watoto wa watu kusoma, nikasema huyu mmoja atanishinda nini? Nikachora spana vizuri kabisa, nikamwonyesha.

"Hii inaitwaje?"

Akaitazama. Akainuka, akatoka uani na mvua yote ile, akarudi na spana inayodondosha maji, akaiweka mezani juu ya mchoro wangu.

"Hii," akasema.

"Jina lake sasa?"

"Si unaiona."

Machi 7

Mvua. Mlango.

Machi 9

Leo nimekaa na kalamu nikahesabu. Kuanzia asubuhi hadi mchana, akiwa anatengeneza feni ya jirani, Baba Pacha amesema "kidude" mara kumi na nne, "lile dubwasha" mara sita, na "kile" sikuweza kuzihesabu. Mara nyingine hasemi kabisa, ananyoosha mkono na kufungua kiganja, halafu anangoja, kana kwamba kitu kitashuka chenyewe kutoka darini.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa ananisoma nani? Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita. Nimempenda kwa upole wake na kwa kuwa hajawahi kuniinulia sauti. Lakini katika nyumba hii niliamini mwenye akili ni mimi. Yeye ana mikono, mimi nina akili, tumekamilishana. Sasa naona mikono haitamsaidia, na naogopa. Langoni atakufa kwa upweke. Hata pacha wetu walipopiga simu juzi waliuliza kwanza, "Baba atapona na hilo lango?" kana kwamba ni ugonjwa.

Machi 10

Nimebandika vikaratasi vyenye majina kwenye kila kitu ndani ya sanduku lake la vifaa. Jioni nimevikuta vyote kwenye pipa la taka. Anasema grisi haishiki gundi.

Machi 15

Leo nimeaibika mbele yangu mwenyewe. Nilikuwa napanga maswali ya kesho, nikafika kwenye neno "beringi". Nikajiuliza, beringi ni nini hasa? Sijui. Gasketi? Sijui. Naijua tahajia ya maneno yote hamsini, na kati ya hayo thelathini siwezi kuyatambua hata yakinigonga kichwani. Nimepiga moyo konde. Kesho naenda kujifunza kwa wenye kazi zao, kwa kuwa wa kwangu hafumbui mdomo.

Machi 16

Nimeanza kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Mama Uzi. Nilidhani atanicheka. Kunicheka amenicheka, lakini baadaye akachukua bisibisi, akaifungua cherehani yake mbele yangu, akaninyooshea kidole kimoja kimoja.

"Huu ni mkanda. Unatoa nguvu huku unapeleka huku. Hii ni shafti, hiki chuma kinachozunguka. Na hizi gololi ndogo zilizokaa kwenye duara ndizo beringi, zinaishika shafti izunguke bila kusagika. Hii skrubu, hii nati, hii washa, pete ya kukaa chini ya nati. Mumeo nyumbani hakwambii?"

"Mume wangu anasema kidude."

Akavunjika mbavu. Mimi nilikuwa nimeinama puani mwa mashine, nimeduwaa. Ile shafti nyembamba kama penseli, na ile ya pampu inayosukuma maji ya mji mzima, ni kitu kimoja na jina moja. Nimeshonesha nguo kwa mama huyu miaka mingapi? Sikujua kwamba ndani ya kile kimashine kuna kituo cha maji kidogo.

Alikuwa anashona sare ya shule. Kwenye pindo alikunja kitambaa vidole vitatu. Nikamuuliza mbona anapoteza kitambaa. Akasema, "Mwalimu, mtoto anakua. Nikikata sawasawa na mwili wa leo, mwezi wa sita nguo imekufa." Nimeliandika hilo ingawa halimo katika orodha.

Machi 22

Tanuri la mikate. Mwokaji ni bwana mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi. Kinu chake cha kukandia kina mkanda, kina beringi, kina nati. Tanuri lina geji, na geji ni ileile, ya kusomea joto badala ya nguvu ya maji. Nilikuwa nasema kila jina kabla hajanitajia, na yeye anaitikia kwa kichwa kama mwalimu wangu. Nimefurahi kama mtoto aliyepewa nyota nyekundu.

Anatia donge kwenye kopo hadi nusu tu. Nikamwambia makopo hayajajaa. "Likijaa kabla ya moto," akasema, "moto ukifika litakwenda wapi?"

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya mvua bila kufungua mwavuli. Nilikuwa natazama kila kitu. Baiskeli ina beringi. Bomba la jirani lina vali na ndani yake kuna gasketi, kile kiduara cha mpira kinachozuia maji yasivuje. Mji mzima umefungwa kwa maneno hamsini, na mimi nimepita katikati yake maisha yangu yote kama kipofu.

Machi 23

Nilimsimulia Baba Pacha yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Kile cha mwokaji nilikitengeneza mimi," akasema.

Nikauliza kipi. "Kile."

Machi 29

Mvua siku ya nne mfululizo. Mlango nimeupiga bega hadi bega limevimba kuliko mlango.

Aprili 2

Leo nimefanya jambo nyuma ya mgongo wa mume wangu. Kila mwaka namwomba aurande mlango ule, na kila mwaka ananijibu maneno matatu, "Subiri mvua iishe." Mvua ikiisha mlango unafunga vizuri, mimi nasahau, mwaka unaofuata tunaanza upya. Miaka kumi na mmoja tangu tuuweke. Basi nimemwita seremala, rafiki yake wa siku nyingi, mrefu kama ngazi. Amekuja na randa yake kwapani.

Akausukuma mlango kwa kidole kimoja ukakwama. Akatazama juu kwenye fremu. Akaweka randa chini.

"Shemeji, mimi siugusi."

"Kwa nini? Nimekuita mimi."

"Mwenyewe amekwambia nini?"

"Nisubiri mvua iishe."

"Basi subiri." Akaona uso wangu, akalegeza sauti. "Mbao inakunywa maji, shemeji. Sasa hivi imeshiba. Nikiiranda leo ikutoshe wewe, kiangazi itajikausha, utabaki na mwanya wa kupitisha paka. Huu mlango aliupima kiangazi, akauachia mwanya wake wa kuvimbia. Unakwama wiki chache tu, basi. Na tena anaufuatilia. Panda uone."

Nikaleta kigoda, nikapanda. Juu kabisa, chini ya mbao ya juu ya fremu, mahali nisipofika hata nikinyoosha shingo, kuna mistari midogo ya penseli, kila mmoja na mwaka wake. Nimeihesabu kumi na mmoja. Kila msimu wa mvua, mume wangu ameusukuma mlango ule kwa kidole, akaweka alama pale ulipokwama.

Seremala aliondoka na randa yake bila kutoa hata unyoya mmoja wa mbao. Mimi nilibaki juu ya kigoda. Miaka kumi na mmoja nimeusukuma mlango ule nikinung'unika, na juu ya kichwa changu kulikuwa na daftari la mtu asiyesema.

Aprili 3

Nilimuuliza kuhusu mistari. "Ukiupita ule wa mwaka wa sita," akasema, "najua hewa imejaa maji, hata mota za pampu zitatoa jasho. Nawahi kuzikausha." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa mwaka huu. Nikamwambia aizungumze hivyohivyo kwenye mtihani.

Aprili 10

Siku mbaya. Nimemwonyesha picha ishirini, ametaja nne. Kumi na sita zilizobaki anaziangalia kama barua ya lugha ngeni. Nimekasirika. Nimesema neno ambalo hata sasa linaniwasha mkononi ninapoliandika. Nimesema, "Watakuweka langoni si kwa sababu hujui, ni kwa sababu ya uvivu wa mdomo. Na mimi nimeishi na uvivu huo miaka ishirini na sita."

Hakupandisha sauti. Akakusanya picha zangu, akazilinganisha kingo zote nne, akazirudisha kwenye bahasha. "Huenda," akasema. Akatoka kupitia mlango wa mbele.

Aprili 11

Mvua. Hatusemezani.

Aprili 12

Mvua. Amechemsha chai, akaniwekea. Hatusemezani.

Aprili 14

Mto umepanda. Ameondoka kabla sijaamka. Nimepanda kigoda. Mlango umeuvuka mstari wa mwaka wa sita, na kando yake kuna mstari mpya wa penseli, bado hauna mwaka.

Aprili 16

Naandika hii alasiri, mikono yangu bado ina grisi kwenye kucha na sitaki kuiosha.

Saa nne asubuhi nilisikia mlango wa jikoni ukipigwa. Alikuwa Baba Pacha, amelowa chepechepe. Hajawahi kurudi nyumbani saa hizo. Nikadhani kuna msiba.

"Mwalimu," akasema, "una kazi?"

"Kuna nini?"

"Nataka mikono miwili."

Njiani alinieleza kwa vipande. Daraja limefunikwa na maji, msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu, amekwama ng'ambo. Msimamizi na wengine wote wako mtoni wanazoa matakataka kwenye wavu wa kuchuja maji. Pampu ni mbili. Moja iko wazi tangu wiki iliyopita, inangoja kipuri. Ya pili ndiyo inayonywesha mji, hospitali ikiwemo, na hiyo ya pili ameisikia inalia.

Miaka ishirini na sita sijawahi kuingia chumba cha pampu. Nilijua ni mahali mume wangu anapokwenda. Alipofungua mlango, kelele ilinigonga kifuani kabla ya masikioni. Nilifungua mdomo kusema kitu, sikujisikia mwenyewe. Sakafu ilikuwa inatetemeka. Mabomba manene kuliko kiuno changu yalitoka ukutani, yakaingia kwenye mashine ya kijani iliyotulia katikati kama mnyama anayekula. Kila kitu kilikuwa safi. Vifaa vimetundikwa ukutani kwa ukubwa, na nyuma ya kila kimoja kimechorwa kivuli chake kwa rangi nyeupe ili ujue kinakaa wapi. Hakukuwa na jina hata moja.

Akachukua bisibisi ndefu. Ncha akaiweka juu ya kasha la beringi, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Akahamia upande wa pili, akasikiliza tena. Kisha akanipa mimi, akanishika kichwa taratibu akanielekeza.

Ile kelele yote ilipotea, nikasikia ndani ya chuma. Upande mmoja ulikuwa unavuma sawasawa, sauti nyororo. Upande wa pili, katikati ya uvumi uleule, kulikuwa na kitu kinakwaruza, kinakuja na kuondoka, kinakuja na kuondoka. Punje ya mchanga. Mto umechafuka, mchanga umepenya. Katika ngurumo ile inayoziba masikio ya watu, mume wangu alikuwa amesikia punje ya mchanga.

Akanionyesha vidole viwili, akavipindisha. Baadaye alinieleza maana yake ni siku mbili kabla haijakatika, labda pungufu. Tangi la juu lina maji ya saa tatu. Akaenda ukutani, akashusha swichi.

Pampu ilizunguka, ikalegea, ikasimama. Kukawa kimya. Na kimya kile kilimshtua yeye kuliko mimi. Alisimama katikati ya chumba akitazama dari. "Sijawahi kuisikia mvua humu," akasema. Miaka thelathini na mmoja, pampu mbili kwa zamu, moja ikipumzika nyingine inanguruma. Chumba kile hakijawahi kunyamaza akiwa ndani.

Akapiga magoti, akanyoosha mkono nyuma, akafungua kiganja. Kiganja kile kile cha nyumbani. Mimi nikasimama kama mlingoti.

"Sijui unataka nini," nikasema.

Mkono ukabaki wazi. Kisha akageuka, akanitazama, na nikaona anaelewa kitu ambacho na mimi nilikuwa naelewa dakika ileile. Msaidizi wake huweka kifaa kiganjani kabla hajanyoosha mkono vizuri. Katika kelele ile jina lina faida gani? Nani atalisikia? Walianza kwa vidole na macho, wakaendelea hivyohivyo, na maneno yakalala.

"Spana," akasema. "Kumi na tisa."

Nikampa.

"Koleo. Si hiyo, ya mdomo mwembamba. Tindo. Hiyo ni patasi, Mwalimu, patasi ni ya mbao, ilifuata nini hapa? Tindo ni hiyo fupi. Nyundo ndogo. Tupa, ile bapa ya kulainishia chuma. Shika nati hizi, nne, na washa zake, usizichanganye. Nenda kwenye jiliwa, ile ya mezani inayobana chuma, ifungue kidogo. Sasa angalia, hii ni shafti, hili kasha, hii gasketi ya zamani, iweke kando tuifuatishe tukikata mpya. Lile gurudumu la ndani lenye mabawa ni panga, ndilo linalotupa maji. Vali ya kurudi iko kule, kazi yake ni kuzuia maji ya tangi yasitushukie kichwani…"

Nilihesabu hadi thelathini na tano, nikaacha kuhesabu. Machozi yalikuwa yananitoka na mikono imejaa grisi, siwezi kuyafuta. Aliyajua yote. Aliyajua na ukubwa wake, na jirani zake, na kilichotokea mara ya mwisho, na mwaka wake. Mimi nilikuwa na majina hamsini kwenye bahasha. Yeye alikuwa na vitu vyenyewe, amevibeba miaka yote bila kuvitaja.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Sikuwa na wa kumwambia."

"Na picha zangu je?"

Akafikiri. "Picha zako ni safi mno. Halafu kuna ile ya pampu iliyokatwa katikati. Mimi sijawahi kuiona imekatwa. Ningeikata, watu wangekunywa nini?"

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, naye akacheka, na mvua ikawa inapiga bati.

Alipoweka beringi mpya hakukaza mara moja. Alitoa kijitabu cha majani membamba ya chuma, akapenyeza moja kati ya shafti na beringi inayoishika, akalitoa, akapenyeza jembamba zaidi. Nikauliza anatafuta nini.

"Mwanya. Hapa ukikaza hadi mwisho inapendeza machoni. Ikianza kazi inapata moto. Ikipata moto inavimba. Haina pa kuvimbia, inajikaba."

Nikaiona sare ya Mama Uzi, nikayaona makopo ya mwokaji yaliyojaa nusu. "Kama mlango," nikasema.

"Kama mlango." Akaniangalia, uso wote ukaangaza. "Nilijua utafika."

Saa saba na nusu alipandisha swichi. Ngurumo ikarudi, maneno yakaisha, akanionyesha dole gumba. Nilitembea peke yangu kurudi nyumbani, nikafungua bomba la jikoni. Maji yakatoka. Nimesimama pale nikiyatazama, maji yaleyale ya kila siku, na sikuweza kuyafunga kwa muda mrefu.

Aprili 17

Nimemwomba radhi kwa lile neno la tarehe kumi. Akasema amelisahau. Ni mwongo, lakini nimemshukuru.

Aprili 20

Njia mpya. Picha nimezifungia kabatini. Sasa fundi ni mimi na msaidizi ni yeye. Natengeneza bomba la uani, nakosea makusudi, na siruhusu aguse kitu. Lazima aseme. Leo amesema majina arobaini, mawili kati yake si ya kuandikwa hapa, maana nilikaza nati kinyumenyume.

Mei 1

Mvua imepungua. Kosa ninalofanya sasa si la makusudi tena. Ananisahihisha kwa upole zaidi kuliko nilivyomsahihisha mimi.

Mei 9

Nimejaribu kumrudishia picha. Thelathini na tatu. Ile ya pampu iliyokatwa bado anaiangalia kwa huruma.

Mei 17

Amenyoa ndevu. Hali chakula. Mimi pia.

Mei 18

Mtihani umefanyika ofisini kwa msimamizi. Sisi wasindikizaji tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Mlango wa ofisi ulikuwa umevimba kwa mvua, haukufunga, ukabaki wazi kiasi cha mkono, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilimwona Baba Pacha akiusukuma kwa kidole alipoingia, na nikajua anapima.

Mkaguzi ni binti wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani. Alimwamkia vizuri, akaanza. Jina la kwanza, la pili, la tano. La sita akakwama.

"Samahani, binti yangu," nikamsikia akisema. "Naomba niigeuze hii."

"Uigeuze vipi, mzee?"

"Juu chini. Mimi hii naionaga nikiwa nimelala chini yake."

Karatasi ikageuzwa. Akataja. Baada ya hapo aligeuza picha nyingi, na mwishoni mkaguzi akawa anamgeuzia mwenyewe. Sikuweza kuhesabu.

Yakaja maelezo. Manne ya kwanza aliyajibu kwa ufupi wake, sentensi mbili mbili. La tano mkaguzi akasema, "Eleza kwa nini tunaacha mwanya kati ya shafti na beringi yake, na kwa nini tusikaze kabisa."

Nilishika ukingo wa benchi. Nilitaka kuingia nimsemee, kama nilivyozoea kumsemea harusini, msibani, shuleni kwa watoto wetu. Nikakaa. Nimeuma kidole lakini nimekaa.

"Nyumbani kwangu kuna mlango wa jikoni," akaanza. "Nimeuweka mimi. Kiangazi ukiutazama una mwanya, utasema fundi hakupima. Mvua ikija unavimba unaujaza mwanya wote na kupita kidogo. Usingekuwepo huo mwanya, ungeivunja fremu. Shafti nayo mvua yake ni moto. Ikizunguka inapata moto, ikipata moto inakua. Unaiachia pa kukulia. Unaacha kidogo sana, unene wa unywele, maana ukizidisha inayumba. Kwa hiyo kukaza ni kujua pa kuishia."

Nilidhani amemaliza. Kalamu ya mkaguzi niliisikia inaandika.

"Ila mlango ule nilikosea kitu," akasema. "Sikumweleza mke wangu. Miaka kumi na mmoja ananiomba niurande, mimi namjibu asubiri. Ameupiga bega miaka yote hiyo. Mbao niliiachia nafasi, yeye sikumwachia hata neno. Nilidhani kazi ikiwa sawa inajieleza. Haijielezi. Nimejua mwaka huu."

Mke wa fundi mwenzake alinishika goti.

"Asante, mzee," mkaguzi akasema baadaye, sauti imebadilika. "Una la kuongeza?"

"Ndiyo. Huu mlango wenu msiurande. Subirini mvua iishe."

Mei 21

Majina arobaini na mawili, maelezo yote matano. Cheti amekiweka chini ya kopo la sukari. Nimekitoa, nimekipangusa, nimekitundika. Jioni nimekikuta kimenyooshwa, maana nilikitundika upande.

Mei 30

Jua siku ya tisa. Leo asubuhi nimeusukuma mlango wa jikoni kwa kidole kimoja, ukaenda, ukafunga bila sauti. Nikaufungua, nikaufunga, mara tano au sita, jirani akachungulia juu ya ukuta akaniuliza kama mimi ni mzima.

Kisha nikaleta kigoda. Mstari wa kumi na mbili upo, na sasa una mwaka wake kama mingine. Lakini mingine yote ina tarakimu tu. Huu ameuandikia maneno kando, kwa herufi zake kubwa zinazopanda kilima: "Mke wangu alikuja kazini akanisikia"

Hakuweka nukta. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa gauni, mazoea ya miaka thelathini na minane. Nikaigusa, nikaiacha humo. Nikashuka, nikachemsha chai, nikamwita anywe ikiwa bado ya moto.